Suuza Mara Moja

Shangazi yangu aliwafulia watu kwa miaka kumi na sita, na kwa miaka hiyo yote kazi yake ilikuwa moja: cheusi kiwe cheupe. Halafu chuo kikamchukua, na kazi ikageuka: kinachong'aa kiwe cheusi. Mimi niliyesoma pale pale chuoni nusu ya diploma (nusu ya kwanza, ile rahisi) sijawahi kufaulu kufanya lolote kati ya hayo mawili, ndiyo maana nikiwa nyumbani kwake naosha vyombo bila kuambiwa. Mara nyingine.

Alikuwa dobi wa hospitali. Mashuka, mapazia, makoti ya madaktari. Kisha hospitali ikanunua mashine, na mashine haina shangazi. Akahamia chuoni kuosha vyombo vya maabara, kwa mkataba wa miezi mitatu. Mkataba huo wa miezi mitatu umedumu miaka tisa. Kila ukiisha wanamwambia subiri kidogo, anasubiri huku anaosha, halafu wanampa mwingine.

Maabara yenyewe ni chumba kirefu chenye mlango wa chuma na kabati kubwa la kioo linalovuta moshi. Ndani ya kabati kuna mabeseni manne ya plastiki yaliyopangwa mstari. Ni ya plastiki kwa sababu asidi inayotumika mle inakula kioo. Sisemi inakichubua, inakila, kama mtoto na biskuti. Daktari, mwenye maabara, alipomwonyesha Shangazi mabeseni yale siku ya kwanza na kumweleza habari za glavu ndefu, aproni nzito na ngao ya uso, Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho akasema, "Daktari, hii ni kufua tu, ila ukikosea unafuliwa wewe."

Nilipomuuliza wanafanya nini hasa mle ndani, alichukua kijiko mezani akakigeuzageuza mbele ya dirisha.

"Unaona kinavyong'aa? Kinang'aa kwa sababu kinakataa. Mwanga unakuja, kinauambia rudi ulikotoka. Kijiko hakina kosa, kazi yake ni chai. Sasa kile kigae cha silikoni kilichomo ndani ya paneli ya sola nacho kinang'aa hivyo hivyo. Miale mitatu ikija, mmoja unarudi. Unalalamika umeme hautoshi, kumbe theluthi umeifukuza mlangoni."

"Sasa mnafanyaje?"

"Tunakiotesha miiba. Shika unywele mmoja wa kichwani kwako."

Nikashika.

"Si huo wa kununua. Wako, kama upo. Upasue mara elfu. Unene unaoupata ndio unene wa mwiba mmoja. Asidi inakula hapa, inaacha pale, mpaka juu ya kigae kunakuwa na msitu. Mwanga ukiingia msituni humo hautoki tena. Ndiyo maana kigae kikiiva kinakuwa cheusi tititi. Weusi ule si rangi, ni njaa."

Hapo ndipo nilipoelewa, kwa sababu mimi ni mwale wa namna hiyo. Niliwahi kuingia ofisi ya usajili kutafuta matokeo yangu ya nusu diploma. Dirisha la kwanza likanituma la tatu, la tatu likanituma juu, juu wakanirudisha chini nikagonge muhuri, mwenye muhuri alikuwa ametoka kidogo. Kila nilipodunda niliacha nguvu. Mpaka leo kuna kipande changu hakijatoka mle. Kama chuo kile kingefunikwa kwa paneli zilizojengwa kama utawala wake, kingewasha taa bara zima.

Basi, juu ya kabati lile la kioo palibandikwa karatasi ya maelekezo. Daktari aliiandika kwa lugha aliyosomea ng'ambo, na Kamati ya Lugha na Usalama ikakaa vikao vinne kuitafsiri, kila kikao na chai yake. Hatua ya saba ilisomeka hivi: *Toa kigae. Suuza mara moja.*

Msaidizi wa Daktari, kijana mwenye digrii, koti lenye pasi na kalamu tatu mfukoni, aliisoma kama hesabu. Mara moja, si mara mbili. Alitoa kigae kwenye asidi, akakilaza kwenye sinia, akaandika saa kwenye daftari, akajibu ujumbe kwenye simu, kisha akakisuuza. Mara moja. Kwa unadhifu kabisa.

Shangazi aliisoma kama dobi. Kule hospitalini dawa ya kung'arisha mashuka ilikuwa haingoji mtu amalize sentensi. Ukilitoa shuka kwenye dawa ukaliacha likae wakati unapiga soga, dawa haijui kwamba kazi imekwisha. Inaendelea kula, na ukija kulikung'uta unakuta matundu. Kwa hiyo kwake mara moja ilikuwa papo kwa papo, sasa hivi, kabla hujapumua. Mara ngapi ni juu ya maji yenyewe.

Wawili hao walisoma karatasi moja, na wote wawili walitii. Tofauti ni kwamba vigae vya Msaidizi vilitoka na mabaka ya kijivu, miiba imeliwa hadi shina, iliyobaki imelaliana kama nywele zilizonyeshewa. Vya Shangazi vilitoka vyeusi.

Mtauliza, mwosha vyombo alifikaje kwenye kuchovya vigae? Alifika kama kina shangazi wanavyofika kwenye kazi zote: aliambiwa "nishikie hapa dakika moja." Msaidizi alikuwa na kibarua kingine mjini Jumatano na Ijumaa, akifundisha shule ya watu binafsi, na dakika moja ile ilianza saa nne asubuhi ikaisha saa kumi jioni. Shangazi alichovya, akasuuza, akaanika, akafunga kabati. Msaidizi aliporudi alijaza daftari kwa jina lake, mwandiko mzuri.

Daktari ni mtu mwema, lakini ni msomi. Alipoona vigae vingine vyeusi na vingine vya kijivu, hakuuliza nani alikuwa zamu. Alichora grafu. Grafu ikaonyesha kwamba vigae vinafaulu Jumatano na Ijumaa. Akaitazama wiki tatu. Kisha akaandika makala ya kurasa kumi na moja akieleza kuwa sababu ni unyevu wa hewa katikati ya juma. Akaisoma kwenye mkutano, watu wakapiga makofi, mmoja akauliza swali kuhusu Alhamisi.

"Shangazi, kwa nini humwambii?" nilimuuliza.

"Mtu akiazima shati lako akaenda nalo harusini, humvui mbele za watu. Unangoja. Likimbana atanyoosha mkono, litachanika kwapani lenyewe."

Akaendelea kungoja. Kisha ukaja waraka.

Waraka ulibandikwa mlangoni, na muhuri juu yake. Kuanzia mwisho wa mwezi, mtu yeyote asiye na cheti kinachotambulika haruhusiwi kugusa, kubeba wala kukaribia kemikali, na mikataba ya wasio na vyeti haitaongezwa. Shangazi alisimama akausoma wote, hata yale maneno madogo ya chini. Ana miaka hamsini na mitatu. Dunia ya sasa haitafuti dobi, na chuo kilikuwa kinamtoa kwenye kazi ya pili maishani mwake kwa kosa la kwanza: kujifunza bila kufundishwa.

Akaenda kwa Daktari, na aliniletea mazungumzo hayo nyumbani yakiwa mazima, pamoja na sauti zao.

"Daktari, mwezi ukiisha na mimi nimeisha."

"Mama, najua, nimeumia sana. Wewe ni nguzo ya maabara hii."

"Nguzo haing'olewi nyumba ikiwa bado imesimama."

"Waraka si wangu, Mama. Umetoka juu."

"Sawa. Na vigae vyeusi vimetoka wapi?"

Daktari akashangaa. "Si kwa Msaidizi?"

Shangazi akamgeukia Msaidizi. Msaidizi wakati huo alikuwa ameingia ghafla katika usomaji wa maelekezo ya mtungi wa kuzimia moto, kwa makini kama barua ya mchumba. Shangazi akangoja kidogo. Mtungi haukuisha kusomwa.

"Haya," akasema, akarudi kuosha vyombo.

Siku mbili kabla ya mwezi kuisha ilikuja tume. Wageni watatu, wakiongozwa na mama mmoja mfupi wa miwani minene ambaye kila akiulizwa kama amefurahi alijibu "tutaona." Wao ndio wangeamua kama maabara iendelee au chumba kile kiwe stoo ya viti. Walikuwa wametumiwa kigae kimoja cheusi kwa posta, wakakipima kwao, wakakuta kwamba katika kila miale mia ni mitatu tu iliyorudi. Hawakuamini. Walisema: tunakuja, mtengeneze kingine tukiwa tumesimama hapo.

Chuo kikajiandaa kama chuo. Mawe ya pembeni mwa barabara yalipakwa chokaa. Nyasi zilimwagiwa maji, na zile zisizokuwepo pia. Mkuu wa chuo mwenyewe alipita kukagua maabara, akakuta kigae cheusi cha mwisho kilichobaki kimewekwa mezani kwa maonyesho.

"Mbona mmeweka kitu kichafu mbele ya wageni?" aliuliza, akatoa leso, akakisugua.

Kwa mpangusio mmoja wa leso ukafyekwa msitu ambao hata shoka halina habari nao. Kigae kikabaki na mstari wa kung'aa katikati. Mkuu akaridhika. "Mnaona sasa?"

Kwa hiyo siku ya tume hapakuwa na kigae cha akiba cha kuchomoa mfukoni. Chochote ambacho wageni wangekiona, kingetoka beseni namba mbili, lile la asidi, mbele ya macho yao.

Wanafunzi walikuwa likizo na viti vilikuwa vingi, ndipo tukaitwa hata sisi tulioacha. Barua yangu ilisema "mpendwa mhitimu." Nilikaa safu ya tatu nikiwa mhitimu. Shangazi yeye alipangiwa kumimina maji ya wageni, mbali na kemikali, akasimama nyuma kabisa na jagi.

Msaidizi alianza vizuri, lazima niseme haki. Alivaa kila kinachovaliwa. Akachovya kigae, akakishikilia kwa koleo la plastiki, na polepole uso ule uliokuwa kioo ukafifia, ukawa kahawia, ukawa moshi, ukawa mweusi. Watu wakapiga makofi. Akakitoa, akakilaza kwenye sinia, akawageukia wageni.

"Waheshimiwa wageni, hiki mnachokiona ni matokeo ya juhudi za muda mrefu..."

Daktari naye akasimama aongeze neno kuhusu jua kama rafiki wa maendeleo. Nyuma yao, kwenye sinia, kigae kilikuwa kinaendelea kuliwa kimyakimya. Nilisikia maji yakimwagika sakafuni. Shangazi kule nyuma alikuwa anajaza glasi iliyokwisha kujaa, macho kwenye sinia.

Hotuba zilipokwisha, Msaidizi akasuuza. Mara moja, kidole kidogo juu, kama anayejaribu manukato. Akakikausha, akakiinua.

Kilikuwa na mabaka kama kichwa ambacho kinyozi ameitiwa simu katikati ya kunyoa.

"Unyevu," alisema Daktari haraka. "Leo ni Jumanne."

Wakarudia. Safari hii Msaidizi, kwa hofu, aliongeza hotuba. Kigae cha pili kikatoka kibaya kuliko cha kwanza. Mama wa miwani akafungua kitabu chake, akaondoa kifuniko cha kalamu, na Daktari akaitazama ile kalamu kama mtu anayetazama hakimu akivaa kofia ya kusomea hukumu.

"Suuza mara moja!" sauti ikatoka nyuma.

Watu wote wakageuka. Shangazi, na jagi lake.

"Nimesuuza mara moja!" Msaidizi akajibu, jasho limemjaa ndani ya ngao ya uso.

"Hujasuuza mara moja, umesuuza mara moja!"

"Sasa Mama, mara moja si ndiyo mara moja?"

"Ndiyo! Na wewe umesuuza mara moja tu, tena si mara moja!"

Safu ya tatu tuliangua kicheko. Mmoja wa wale wageni, aliyekuwa akiandika kumbukumbu, alikata mstari, akaandika upya, akakata tena. Mama wa miwani hakucheka. Aliinuka, akaenda hadi kwenye karatasi ya kabati, akasoma hatua ya saba kwa kidole. Kisha akasoma tena.

"Mama, wewe ni nani hapa?"

"Mimi ni wa maji, mheshimiwa."

"Na hii mara moja yako ni ipi?"

"Ni ya dobi. Kitu ukikitoa kwenye dawa, dawa bado imekishika. Usipokivua dawa sasa hivi, inaendelea kula wakati wewe unahutubia. Halafu ukikisuuza umechelewa, hata ukisuuza mpaka kesho."

"Unaweza kutuonyesha?"

Daktari akakohoa. "Mheshimiwa, tatizo ni kwamba kuna waraka. Mama hana cheti."

"Waraka unaanza lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Leo ni tarehe ngapi?"

Ilikuwa ishirini na nane ya mwezi wa siku thelathini. Shangazi alikuwa na siku mbili halali za kujua kazi yake. Akaweka jagi chini.

Akavaa aproni, glavu, ngao. Akachovya kigae cha tatu, na wakati kinabadilika rangi hakusema neno lolote, wala hakumtazama mtu. Alipokitoa, tone la kwanza halikupata nafasi ya kudondoka. Kigae kilikuwa kimeshaingia beseni la tatu, la maji. Akakizungusha. Akakihamishia beseni la nne. Akamwamuru Msaidizi abadilishe maji, naye Msaidizi akabadilisha mbio kama mtoto wa nyumbani. Akasuuza tena.

"Maji ya kwanza yanatoa dawa," alisema. "Ya pili yanatoa ukaidi. Ya tatu ni heshima."

Alipokikausha na kukiweka mbele ya Mama wa miwani, sijui niwaelezeje. Hakikuwa kitu cheusi, kilikuwa kama tundu mezani. Mama yule aliinama kutafuta uso wake mle ndani, hakuupata. Akavua miwani, akaifuta, akatafuta tena.

"Nipeni daftari," akasema.

Akalipekua. "Vilivyofaulu vyote ni vya Jumatano na Ijumaa. Msaidizi, wewe Jumatano na Ijumaa unakuwa wapi?"

Msaidizi alitafuta mtungi wa kuzimia moto kwa macho, lakini ulikuwa umehamishwa kupisha maua.

"Unyevu..." Daktari alianza, kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu anayeaga kurasa zake kumi na moja.

"Unyevu ndio huyu," alisema Mama wa miwani, akimwonyesha Shangazi aliyekuwa bado anachuruzika maji viwikoni.

Maabara ikapona siku hiyo hiyo. Tume iliandika pia kwamba mwenye kusuuza abaki. Hapo mtu wa kawaida angesema basi, imekwisha. Mtu wa kawaida hajui waraka. Waraka ukishatoka juu haurudi juu, unazungukwa. Utumishi wakakaa wakapata njia: Shangazi aandaliwe kozi ya siku tano, afanye mtihani, apewe cheti kinachotambulika. Kozi ilihitaji mkufunzi aliyesajiliwa. Mkufunzi aliyesajiliwa alikuwa mmoja tu chuo kizima.

Kwa hiyo siku tano mfululizo, asubuhi Shangazi alimfundisha Msaidizi kusuuza, na mchana Msaidizi akamfundisha Shangazi kusuuza, kutoka kwenye yale yale aliyoyaandika asubuhi.

"Anafundishaje?" nilimuuliza.

"Anajitahidi. Jana amesahau maji ya pili, nikanyoosha mkono, akaniambia maswali mwishoni."

Kamati ya Lugha nayo ilikaa upya kurekebisha hatua ya saba. Baada ya vikao vitatu wakaandika *suuza papo hapo*. Siku iliyofuata Msaidizi alipeleka barua akiuliza kama maana yake ni marufuku kuhamishia kigae beseni jingine. Kamati bado inakaa.

Mtihani ulikuwa wa maswali kumi. Shangazi alipata hamsini kwa mia, na ya kufaulu ilikuwa hamsini. Niliiomba karatasi yake niione. Swali la nne liliuliza: *Kigae kikitolewa kwenye asidi husuuzwa mara ngapi?* Naye ameandika, kwa herufi zake kubwa za kuhesabia mashuka: *Mara moja, mara tatu.* Pembeni, kwa wino mwekundu: *Jibu linajipinga. Sifuri.*

"Shangazi, na hii umeikubali?"

"Nimefaulu, si nimefaulu? Niongezewe nini, nikapimwe unyevu?"

Mkataba wake wa sasa hauna miezi mitatu. Una miaka, na kiinua mgongo, na jina lake limeandikwa kwa usahihi isipokuwa herufi moja. Cheti alikabidhiwa na Mkuu wa chuo mwenyewe, kimetiwa plastiki ngumu, kina mihuri miwili. Mkuu alikifuta kwa leso kabla ya kumpa.

Nilimsindikiza maabara akakitundike, maana sheria inataka kionekane. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakipindua huku na huku. Doa kubwa jeupe likaruka darini, likashuka ukutani, likanipiga jichoni.

"Lo," alisema. "Mwanga wote unarudi. Hakinywi hata tone."

Akakitundika kwenye msumari wa aproni. Kisha akatundika aproni juu yake.